Msumari wa Nne

Fundi viatu alikuwa na kanuni moja: kitu cha kutazama tu hakilipiwi. Kama kutazama kungelipiwa, alisema, yeye angekuwa tajiri siku nyingi, maana kila anayepita mbele ya kibanda chake husimama kumkodolea macho akigonga soli. Kwa hiyo binti yake alipoweka tiketi tatu mezani asubuhi ya Jumapili, fundi alizisogeza kwa ncha ya kidole, akaendelea na chai yake.

"Ni za bure, baba," binti alisema. "Siku ya familia za wafanyakazi. Inakuja mara moja kwa mwaka."

"Na huko ndani nitaona nini?"

"Picha. Na vitu."

"Vitu hata hapa vipo."

Binti alikuwa msafishaji katika jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa, jengo jeupe lisilo na madirisha ambalo watu wa mtaani kwao walilidhania ghala la saruji. Mwaka wa pili huu alikuwa akifuta vumbi kwenye vitu ambavyo hakuna aliyemweleza maana yake, na hakuwahi kuwaalika wazazi wake hata siku moja. Asubuhi ile macho yake yalikuwa mekundu. Alipoulizwa alisema ni sabuni.

Aliyekata shauri ni mama. "Twende zetu, Fundi," alisema, kwa maana hata mkewe alimwita hivyo. "Siku hizi nina furaha. Mwenye furaha hajifungii ndani."

Furaha hiyo ililetwa na simu. Mtoto wao wa kwanza, ambaye mtaa mzima ulimwita Matege kwa ajili ya miguu yake ya upinde, aliondoka miaka minne iliyopita kwenda ng'ambo kwa njia ya wasio na karatasi: kwanza nchi kavu, halafu maji. Siku ya kuondoka, mama alitarizi namba yake ya simu kwa uzi mwekundu kwenye kipande cha kitambaa, akakificha chini ya soli ya ndani ya kiatu cha kushoto. "Karatasi italowa, na simu utaibiwa," alimwambia. "Ukipotea, atakayekuokota atupigie." Kijana alituma ujumbe mmoja kutoka ufukweni, kwamba wanangoja boti. Tangu hapo kimya.

Mama hakubadilisha namba. Simu yenyewe ilikuwa imefungwa kwa mpira ili betri isichomoke, naye aliilinda kuliko mboni ya jicho. Jirani mmoja aliteleza ulimi akamwita kijana marehemu, na tangu siku hiyo mama alimpita njiani bila salamu.

Kisha, majuma mawili kabla ya Jumapili hiyo, simu ililia kwa namba ngeni. "Baba, ni wewe?" mama aliuliza, kama alivyozoea kumwita mwanawe. Hakujibiwa. Alisikia pumzi tu, pumzi za mtu anayejizuia kulia, kisha simu ikakatwa. Aliihifadhi namba ile kwa jina la MWANANGU. Kila alipoipiga, sauti ya mashine ilimwambia kwamba namba hiyo haipokei simu. Haidhuru. Mtu aliye kwenye shida huazima simu, alisema, na hawezi kuongea mbele ya mwenye simu. Alifua mashuka ya kijana, akaanza kuanika godoro lake kila siku, na kila aliyepita alisimuliwa habari ya pumzi zile, ila yule jirani.

Fundi hakubisha wala hakuafiki. Kwa kawaida alikuwa na misumari midomoni, minne au mitano, na hapo mtu hategemewi kutoa maoni.

Mlangoni pa makumbusho mlinzi alimwambia mama aache mkoba.

"Mkoba nauacha. Simu siachi."

"Basi uizime, mama. Humu ndani simu hazilii."

"Hii hailii hovyo," mama alisema. "Inapigiwa na mtu mmoja."

Mlinzi alitazama ule mpira, akamtazama binti, ambaye kila siku humpa habari za asubuhi akiwa na ndoo, na kwa kumwonea haya akawapisha. Kisha macho yake yakashuka miguuni kwa fundi. Kiatu cha kulia kilikuwa kimeachama mbele. Kinyozi hajinyoi, na fundi huyu hakuwa na nafasi ya kujishonea. Alijaribu kuficha kidole gumba ndani, na kwa mara ya kwanza tangu atoke nyumbani aliona aibu. Sakafu iling'aa hata alitembea kama anayevuka mto.

Chumba cha kwanza kilikuwa na turubai moja kubwa, yote buluu, bila kitu kingine. Mama, aliyefulia watu nguo kwa malipo, alisimama mbele yake akiwa ameshika kiuno.

"Hii naijua," alisema. "Ndilo shuka la yule mwalimu nililolizidishia buluu. Mimi nilitukanwa. Mwenzangu ametundikwa ukutani."

Binti alicheka, kicheko kilichokatikia njiani. Chumba cha pili kulikuwa na ng'ombe mzima aliyeshonwa kwa ngozi za mabegi. Fundi aliinama, akaukagua mshono wa tumbo kwa muda mrefu.

"Huyu uzi hakuutia nta," alisema. "Mvua mbili tu, utumbo nje."

"Hanyeshewi humu, baba."

"Kazi ni kazi hata isiponyeshewa."

Chumba cha tatu palikuwa na kitanda cha chuma, shuka limevurugwa, mto una shimo la kichwa. Hapo mama hakutania. Alisogea mpaka kwenye mstari wa manjano uliochorwa sakafuni, akasimama. Alisema aliyelala hapa ameamka salama, anaonekana alivyosukuma shuka kwa mguu, ameenda kunawa uso tu. Alipanguza jicho kwa kiganja, akamgeukia mumewe. "Ningejua ni pazuri hivi tungekuja zamani."

Binti akawarudisha chumba cha kwanza. Akawapitisha tena kwa ng'ombe. Alieleza mambo asiyoyajua, akawanywesha maji mara mbili. Fundi aliona kwamba kuna chumba cha mwisho ambacho binti yake anakizungukazunguka, akadhani hakijamalizwa kusafishwa.

"Na kule?" aliuliza.

"Kule," binti alisema.

Kule kulikuwa na viatu. Ukuta mzima, toka sakafuni hadi darini, viatu mia tatu na kumi na viwili vilivyotundikwa kwenye ndoano, kimoja kimoja, kila kimoja na namba yake. Fundi alifurahi waziwazi. Hatimaye kitu cha maana! Mama aliona benchi akakaa, magoti yalimsumbua. Kulikuwa na maandishi pembeni, nayo yalisema msanii alitembea ufuko mmoja kwa miaka mitatu akiokota viatu vilivyoletwa na maji, vya watu waliotaka kuvuka wasifike. Lakini fundi hakuanzia kwenye maandishi. Alianzia kwenye viatu.

Alipita taratibu, mikono nyuma, kama daktari wodini. Hiki cha mtu mnene. Hiki cha mtoto, fundi wake mvivu. Hiki kimebandikwa kwa gundi ya moto, haramu. Alifika namba mia moja na sitini na saba, akasimama.

Kilikuwa kiatu cha kushoto, cheusi, kimefifia kwa chumvi. Kilitundikwa kwa namna ambayo kisigino kilitazama nje. Upande wa nje wa kisigino kulikuwa na kipande cha raba ya tairi, kimekatwa nusu duara, na ndani yake misumari mitatu. Baada ya wa tatu palikuwa na nafasi tupu, ya kutosha msumari mmoja.

Mtu mwenye matege hula kisigino upande wa nje. Kwa miaka kumi fundi alibandika raba kwenye viatu vya mwanawe, misumari minne, siku zote minne. Siku ya safari kijana alikuja kibandani na begi mgongoni, akavua kiatu, akaomba kitengenezwe haraka. Fundi alikuwa na hasira. Alitaka mwanawe arithi kibanda, na badala yake alikuwa anamtengenezea kiatu cha kumkimbia. Aligonga msumari wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha akakisukuma kiatu juu ya meza, wa nne ukiwa bado midomoni. "Haya baba, mimi naenda," kijana alisema. "Kwaheri." Fundi hakujibu. Kijana alingoja kidogo, akafunga kamba, akatoka. Kwa miaka minne fundi alijiambia kwamba hakujibu kwa sababu alikuwa na msumari mdomoni, na kila alipojiambia hivyo alijua ni uongo.

Sasa alirudi nyuma hatua moja, akasimama kati ya ukuta na mkewe.

"Twende nyumbani," alisema. "Miguu inaniuma."

"Wewe? Miguu?" Mama aliinuka. Alikuwa ameishi na mtu huyu miaka thelathini. Alimsogeza kwa mkono kama pazia.

Hakupiga kelele. Alikitazama kiatu kwa muda, kisha akatazama vilivyokizunguka, kisha akasema kwa sauti ya kawaida, sauti ya kubishana na muuza duka: "Kiatu si mtu."

"Si mtu," fundi alikubali.

"Amekiuza. Au kimeibwa. Huko wanaibiana mpaka soksi."

"Huenda."

"Na kama ni chake, kitambaa changu kimo. Tuone." Akanyoosha mkono.

"Mama, mstari!" Mlinzi wa chumba alikuwa ameshafika. "Haturuhusu kugusa. Rudi nyuma tafadhali."

"Ni kiatu cha mwanangu."

"Rudi nyuma ya mstari, mama."

Watu wawili waliokuwa wakipiga picha waliacha. Fundi alimshika mlinzi mkono na kuanza kueleza habari za raba na misumari. Mlinzi alikitazama kiatu chake kilichoachama na hakuonekana kuamini kwamba huyu ni fundi. Mwishowe aliitwa msimamizi wa maonyesho, mwanamke mwenye miwani na simu ya ofisi mkononi, aliyewasikiliza kwa adabu, kichwa kimeinama upande mmoja.

"Poleni sana," alisema. "Wengi wanaguswa na kazi hii. Ila mna uthibitisho gani?"

"Huo ni mkono wangu," fundi alisema.

"Una risiti? Picha?"

"Dada yangu, wewe ukiandika barua, mwandiko wako huujui?"

"Chini ya soli ya ndani kuna kitambaa," mama aliingilia. "Kina namba ya simu, uzi mwekundu. Kisipokuwemo, tutaomba radhi twende zetu." Alisema hivyo akitumaini kwa moyo wote kwamba hakimo.

Msimamizi alisita. Viatu havikuwahi kufunguliwa, alieleza, msanii alitaka vibaki kama vilivyookotwa. Lakini watu walikuwa wanatazama, na labda naye alikuwa na mama. Alivaa glovu nyeupe, akakishusha kiatu, akainua soli ya ndani. Ilikubali upesi, kana kwamba ilishainuliwa karibuni. Kitambaa kilikuwemo, kigumu kwa chumvi. Tarakimu zote zilisomeka.

Msimamizi aliinua ile simu ya ofisi, akaanza kubonyeza tarakimu moja moja kutoka kwenye kitambaa, ili ahakikishe.

Simu ya mama ikalia. Ililia kwa nguvu zake zote ndani ya chumba kile, na mlinzi hakuikataza. Mama alitazama kioo. Jina lilikuwa limetokea: MWANANGU. Na uso wake, mbele ya kile kiatu, ukajaa furaha ambayo binti yake hataisahau mpaka anaingia kaburini.

"Baba, ni wewe?"

"Haloo," msimamizi alisema, hatua tatu kutoka kwake. "Naongea na nani?"

Sauti ilimfikia mama mara mbili, sikioni na chumbani. Aliishusha simu. Akaitazama ile ya ofisi.

"Hiyo ni ya nani?"

"Ya hapa, mama. Ya ofisi."

"Ndiyo iliyonipigia. Majuma mawili sasa. Nani mwingine anaitumia?"

"Ni wafanyakazi tu," alisema msimamizi, bila kuelewa alichosema.

Mama aligeuka taratibu. Binti alikuwa ameegemea ukuta mtupu wa upande wa pili, ameziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Viatu vilikuwa vimeletwa tu, nikawa nafuta vumbi," alisema kupitia vidole. "Nikaona mkono wa baba. Nikafungua, nikaona namba. Nikachukua simu ya ofisi nikwambie hapo hapo, kabla moyo haujarudi nyuma. Ukapokea, ukaita, 'Baba, ni wewe?' Mama, nilishindwa. Na nyumbani kila siku nilishindwa. Ukaanza kuanika godoro. Nikasema niwalete muone wenyewe, maana mdomo wangu umekataa."

"Ulifungua kazi ya maonyesho?" msimamizi aliuliza.

Mama alimsogelea binti.

"Zile pumzi," mama alisema. "Zilikuwa zako?"

"Zangu, mama."

Mama alirudi kwenye benchi akakaa. "Kiatu ningebishana nacho mpaka kiama," alisema. "Ningesema kimeibwa, na mngenyamaza. Lakini pumzi nilizisikia kwa sikio langu." Halafu akalia, kwa sauti ya chini, kichwa kikiwa kimeangukia magotini, na fundi alisimama kando yake bila kujua mikono aiweke wapi. Alikuwa amelia mwenyewe mara nyingi, kibandani, akisingizia gundi. Hapa hapakuwa na gundi.

Msimamizi alirudisha kiatu kwenye ndoano. Aliwaeleza kwa upole kwamba kila kiatu kimesajiliwa na ni mali ya msanii. Waandike barua, barua itajibiwa. Kisha, kwa kuwa hakujua afanye nini zaidi, alimwonyesha fundi daftari la wageni. Aliyetangulia alikuwa ameandika: *Nzuri sana, inagusa, ila taa ziongezwe.* Fundi alishika kalamu kwa muda. Mwishowe akaandika namba ya simu ya mkewe, ile ile. Iliandikwa mara ya pili sasa, na kwa sababu ile ile: anayejua lolote apige.

Nyumbani mama aliingiza godoro ndani, akalilaza chini sebuleni, na wageni wakakaa juu yake. Habari zilienea bila kutangazwa. Yule jirani wa ulimi ulioteleza alikuja siku ya pili, akasimama mlangoni hana uhakika. Mama alijisogeza, akapiga godoro kwa kiganja pembeni yake, na jirani akakaa hapo mpaka jioni.

Lakini kwa binti mama hakutoa neno. Alimwekea chakula, alimpisha mlangoni, hakumtukana. Binti alipewa onyo la maandishi kazini kwa kugusa alichokatazwa, akaliweka mezani ili wazazi walione, labda wamwonee huruma. Mama alilisogeza akaweka sufuria. Juma zima lilipita hivyo.

Jumapili iliyofuata mama alimkuta akipiga pasi sare yake.

"Kesho jumba limefungwa?"

Binti karibu aunguze kola. "Kila Jumatatu, mama. Tunafuta vumbi."

"Hata kwenye viatu?"

"Kwa brashi. Nje tu."

"Utakishika?"

"Nitakishika."

Mama alikunja kitambaa kisichohitaji kukunjwa. "Basi ukikishika, nipigie kwa ile simu. Usiseme kitu. Kama siku ile."

"Mama..."

"Nimekwambia usiseme kitu."

Jumatatu saa nne asubuhi mama alikuwa amekaa kibandani kwa mumewe, kwenye kigoda cha wateja, simu mapajani. Fundi alikuwa akibandika kisigino cha mtu, misumari midomoni, na hakuuliza alichofuata. Simu ililia. Jina lilikuwa bado lile, hakulifuta.

"Baba, ni wewe?"

Pumzi. Kwa mbali, mwangwi wa chumba kikubwa kitupu.

"Usijibu. Nisikilize tu," mama alisema. "Nilikungoja. Sikubadilisha namba hata siku moja, mwenye kukuokota ndiye hakupiga. Hukuwa mtu wa kusahau kwenu, hilo nalijua. Godoro lako nimeacha kulianika. Mashuka yako anatumia mdogo wako, usimkasirikie, hata mimi simkasirikii tena. Umesikia? Simkasirikii." Pumzi za upande wa pili zilivunjika, zikajikusanya. "Nimechoka kungoja, baba. Si kwamba sikupendi. Ngoja, mzee wako huyu hapa."

Akanyoosha simu.

Fundi alitikisa kichwa. Alionyesha mdomo wake: misumari. Mama hakuirudisha simu. Aliishikilia hapo hapo, mkono umenyooka, na wala hakumhimiza.

Nyundo ililala mezani. Fundi alikinga kiganja chini ya kidevu, akatema msumari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne ulinata kwenye mdomo uliokauka, akautoa kwa vidole. Kisha akaipokea simu, akaibana sikioni kwa mikono miwili.

"Haya, baba," alisema. "Kwaheri. Nenda salama."